Virusi havingoji intaneti: jinsi ya kuilinda kompyuta isiyounganishwa

Ofisi nyingi zina kompyuta moja ambayo haiunganishwi na intaneti kwa makusudi. Ni ile ya mwalimu wa taaluma inayochapiwa mitihani, ya mhasibu wa SACCOS, ya mapokezi ya zahanati, au ya duka la jumla inayotunza hesabu za mauzo. Wengine hawaiunganishi kwa sababu bando ni ghali. Wengine wameamua kwamba nje ya mtandao ndiko kwenye usalama, na uamuzi huo una mantiki: mhalifu aliyeko mbali hana pa kuingilia kwenye kompyuta isiyo na waya wala Wi-Fi. Hata hivyo, kompyuta hizo hizo ndizo ambazo fundi akizifungua hukuta virusi vya miaka mingi, vingine vikongwe kuliko Windows iliyomo.

Kompyuta inayofanya kazi haiwezi kukaa peke yake. Mtihani lazima ukatolewe nakala steshenari. Ripoti lazima ifike wilayani. Fomu mpya ya Excel lazima iletwe kutoka makao makuu. Vyote hivyo hupita kwenye flashi, memori kadi, simu au diski ya nje, na kila flashi inapochomekwa, kompyuta yako inakuwa imekutana na kompyuta zote ambako flashi hiyo imewahi kupita. Huo nao ni mtandao, ila data yake husafiri mfukoni mwa mtu. Anayetaka kuilinda kompyuta ya namna hii aanze kwa kuutambua mtandao huo na kuutawala, ndipo afikirie programu ya kuweka.

Na hili si jambo jipya. Elk Cloner, kirusi alichokiandika kijana wa Kimarekani Rich Skrenta mwaka 1982, kilienea kwenye kompyuta za Apple II kupitia flopi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, kirusi kilichoenea kwenye kompyuta za IBM PC na zinazofanana nazo. Ndani yake waliacha majina yao, anwani yao na namba za simu. Brain kilijificha kwenye sehemu ya mwanzo ya flopi, ile ambayo kompyuta huisoma inapowaka, na kilivuka mabara kwa sababu tu watu waliazimana flopi.

Nani anaiamuru kompyuta?

Flashi yenyewe haitendi lolote. Kirusi kilichomo ndani yake ni data tu, kama picha au barua, mpaka kompyuta iamriwe kukitekeleza. Ukishalielewa hilo, swali linabaki moja: amri hiyo inatoka wapi? Ukijua inakotoka utajua pa kuizuia.

Zamani amri ilitoka kwa Windows yenyewe. Flashi ilipochomekwa, Windows ilitafuta faili dogo liitwalo autorun.inf na kutekeleza kilichoandikwa humo. Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilianza kwa kuenea kwenye mtandao kupitia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeshaiziba mwezi mmoja kabla. Toleo lake la Desemba likaongeza njia ya flashi, na hapo kikazifikia hata kompyuta zisizogusa intaneti. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 iliacha kutekeleza autorun ya flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuifunga njia hiyo kwenye XP na Vista pia. Tatizo ni kwamba sasisho lilisambazwa kwa intaneti. Kompyuta ya XP ambayo haikuunganishwa na haikuletewa sasisho hilo kwa mkono bado inatii autorun mpaka leo.

Njia hiyo ilipozibwa, waandishi wa virusi wakahamia kwa mtumiaji. Hapa ndipo vilipozaliwa virusi ambavyo karibu kila ofisi inavifahamu, virusi vya shotikati, yaani kijifaili cha njia ya mkato kinachofungua kitu kingine. Kirusi kikiingia kwenye flashi huyaficha mafaili na folda zako zote, kisha mahali pa kila moja huweka shotikati yenye jina lile lile na picha ile ile. Ukibofya “Mitihani Kidato cha Pili”, folda inafunguka kweli na mafaili unayaona. Ila kabla ya kuifungua, shotikati imeshaendesha kirusi, na kompyuta imeshaambukizwa. Kwa kuwa kazi haikukwama, hakuna anayeshtuka.

Kuna aina nyingine iliyo fiche zaidi. Unaichomeka flashi, unaifungua, na ndani yake unakuta picha moja tu inayofanana na flashi yenyewe, kana kwamba kuna flashi ndani ya flashi. Ukiibofya, vitu vyako vyote vimo. Hiyo ni alama ya jamii ya virusi iitwayo PlugX: mafaili yako yamehamishiwa kwenye folda ambayo jina lake ni herufi isiyoonekana, na ile picha uliyoibofya ni shotikati ya kukiamsha kirusi. Mwaka 2023 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na China walivyotumia kirusi cha jamii hiyo, wanachokiita Sogu, kuingia kwenye mashirika ya kimataifa kupitia ofisi zao za Afrika. Kenya na Tanzania zilitajwa. Vyanzo walivyovitaja ni pamoja na kompyuta za watu wengi: steshenari na saiba. Kwa hiyo anayekuambia kwamba virusi vya flashi viliisha enzi za XP hana habari ya karibuni.

Chanzo cha tatu cha amri ni mafaili unayoyaamini. Sality, kilichoanza kuonekana mwaka 2003, hujipachika ndani ya programu halali, kiasi kwamba faili la kusakinishia programu unayoipenda linakuwa ndilo mbebaji. Programu zilizovunjwa kufuli, zile za kreki, ni mbaya zaidi, kwa sababu maelekezo yake karibu yote huanza kwa kukutaka uzime kingavirusi. Ukiizima, hakuna tena wa kukuonya. Sina namna laini ya kulisema hili: kompyuta yenye Windows au Office ya kreki isihesabiwe kuwa imelindwa, hata kama haijagusa intaneti tangu inunuliwe.

Nyaraka za Word na Excel nazo zinaweza kubeba makro, yaani programu ndogo ndani ya waraka. Hapa kuna jambo wachache wanalolijua, nalo linawahusu hasa watu wa kompyuta zisizounganishwa. Faili linaposhushwa kutoka intaneti, Windows hulibandika alama iliyofichika inayosema limetoka nje. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia kabisa makro za faili lenye alama hiyo. Lakini alama hukaa tu kwenye diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa diski za ndani za Windows, na flashi nyingi zimefomatiwa kwa mipangilio mingine, FAT32 au exFAT. Faili likishushwa saiba, likapita kwenye flashi ya namna hiyo, linafika ofisini bila alama. Office huliona kama faili la hapo hapo nyumbani, na kinga inayobaki ni ule mstari wa njano wenye kitufe cha kuruhusu makro. Watu hukibonyeza ili kazi iendelee. Waambie wenzako ofisini wasikibonyeze, mpaka wamempigia simu aliyetuma faili na kuthibitisha kwamba makro hizo anazijua.

Pale ambapo hakuna aliyebofya

Mwezi Juni 2010 kampuni ya Belarus iitwayo VirusBlokAda iligundua kirusi ambacho baadaye kiliitwa Stuxnet. Kilikuwa kimelenga kituo cha nyuklia cha Natanz nchini Iran, kwenye mitambo inayozungusha gesi ya urani kwa kasi kubwa ili kuirutubisha. Kompyuta za kuendeshea mitambo hiyo hazikuwa kwenye intaneti. Stuxnet kilitumia kasoro ya jinsi Windows inavyochora picha ya shotikati: kuifungua tu folda na kuitazama kulitosha kukitekeleza. Kuzima autorun hakukusaidia. Kutobofya hakukusaidia. Inakadiriwa mitambo kama 1,000 iliharibika. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba kasoro hiyo tarehe 2 Agosti 2010.

Miaka miwili kabla, jeshi la Marekani lilikuwa limepigwa kwa njia ya flashi pia. Kirusi kilichoitwa Agent.btz kiliingia mwaka 2008 kupitia flashi iliyochomekwa kwenye laptopu katika kambi ya Mashariki ya Kati, kikasambaa hadi kwenye mitandao ya siri. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilipiga marufuku matumizi ya flashi kwa muda.

Hakuna atakayetengeneza kirusi cha aina ya Stuxnet kwa ajili ya SACCOS. Ila kasoro ikishajulikana, waandishi wa virusi vya kawaida huichukua, na ile ya shotikati ilichukuliwa mwaka ule ule. Ndiyo maana kusema “mimi sibofyi ovyo” hakutoshi. Kompyuta isiyo na intaneti nayo inahitaji kusasishwa, na kazi hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kirusi kisicho na mwenyewe

Wapo wanaosema: hata kirusi kikiingia, hakiwezi kutuma chochote nje, basi kuna ubaya gani? Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kirusi kilichonaswa kwenye kompyuta isiyounganishwa hakipati amri mpya na hakimtumii mwenyewe taarifa papo hapo. Lakini kuharibu hakuhitaji intaneti. Sality huharibu programu, kompyuta iwe mtandaoni au isiwe. Jamii ya virusi iitwayo STOP, inayofunga mafaili na kudai pesa, ikishindwa kufikia seva yake hutumia ufunguo uliomo ndani yake na kuendelea kufunga. Baadhi ya virusi hukusanya nyaraka na kuziweka kwenye folda iliyofichwa ya flashi, vikisubiri flashi hiyo ichomekwe kwenye kompyuta yenye intaneti. Kwa mwenye mitihani ya kidato cha nne kwenye diski yake, hilo peke yake linatosha kumnyima usingizi.

Ubaya mwingine unawaangukia wengine. Septemba 2023 kampuni ya Kifaransa ya Sekoia ilipata, kwa dola 7 tu, umiliki wa anwani ya seva ambayo wadukuzi wa PlugX walikuwa wameitelekeza. Ndani ya miezi sita iliona anwani milioni 2.5 za intaneti, kutoka nchi zaidi ya 170, zikipiga hodi kuuliza amri. Kirusi kilikuwa kimeachwa na mwenyewe, lakini kiliendelea kujinakili kutoka flashi hadi flashi. Sekoia waligundua kwamba wangeweza kukiagiza kijifute. Wakaeleza pia kikomo cha dawa hiyo: haizifikii kompyuta zisizo na intaneti, wala flashi zilizolala kwenye droo. Hizo ndizo zitakazokirudisha.

Mandiant nao walieleza mwaka 2023 tukio la Ukraine. Flashi yenye kirusi cha Andromeda, toleo lililojulikana tangu 2013, ilichomekwa kwenye kompyuta ya taasisi moja Desemba 2021. Anwani ya seva ya kirusi hicho ilikuwa imekwisha muda. Kundi lingine la wadukuzi likaisajili upya na kurithi kompyuta zote zilizokuwa bado zinaita. Kirusi cha kale kwenye kompyuta yako, basi, kinaweza kupata bwana mpya siku yoyote mtu atakapoiwasha hotspoti ya simu.

Kingavirusi nje ya mtandao

Kingavirusi hufanya kazi kwa njia mbili. Ina orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na ina mawasiliano na seva za mtengenezaji, ambako faili lenye kutiliwa shaka huulizwa. Bila intaneti, njia ya pili haipo kabisa na ya kwanza inazeeka kila siku. Ule mduara wa kijani unaosema uko salama unaweza kuwa unazungumzia orodha ya mwaka juzi.

Orodha hiyo inaweza kuletwa kwa mkono. Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, ina faili la orodha kamili liitwalo mpam-fe.exe, linalopatikana kwenye ukurasa wa Microsoft Security Intelligence. Lina ukubwa unaozidi MB 100, kwa hiyo panga bando. Chagua la biti 64 au 32 kulingana na Windows yako, lilete, libofye, kisha fungua Windows Security na uhakikishe tarehe ya orodha imebadilika. Wengi hukiruka kipimo hicho cha mwisho na kubaki na orodha ya zamani bila kujua. Mara moja kwa wiki ni vizuri. Ikipita mwezi, ujue kinga yako imechoka. Angalia pia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na ukaguzi wa vyeti vya kidijitali na masasisho huvurugika.

Masasisho ya Windows yenyewe hupatikana kwenye Microsoft Update Catalog. Kwenye Windows 10 na 11 sasisho la mwezi hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia, kwa hiyo ukileta la karibuni umepunguza pengo kubwa. Lakini lazima toleo liwe bado linahudumiwa. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 imekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta ni ya kuchapa na kutunza hesabu tu, na haiwezi kubeba Windows 11, ningeihamishia Linux, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows. Virusi vya flashi vinavyozunguka mitaani vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, inafungua nyaraka nyingi za Word na Excel bila taabu.

Mlango mmoja

Sasa nifike kwenye kinga ninayoiamini kuliko programu yoyote. Flashi ya nje isiguse kamwe kompyuta inayolindwa. Tenga kompyuta nyingine, hata kuukuu, iwe ya ukaguzi, na uiwekee Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint. Kuna sababu mbili. Kirusi cha Windows kikifika pale hakipati wa kukitekeleza. Na ule ufichaji wa mafaili unaofanywa na virusi vya shotikati kwa kawaida haufanyi kazi kwenye Linux, kwa hiyo unaiona flashi ilivyo kweli: autorun.inf iliyojificha, folda isiyo na jina, shotikati zenye ukubwa wa kilobaiti chache zinazojifanya folda. Jicho lililozoea hutambua flashi chafu ndani ya dakika moja, hata kabla ya kuikagua kwa ClamAV, kingavirusi ya bure ya Linux.

Kutoka hapo unanakili kile tu unachokihitaji, waraka huu na picha ile, kwenda kwenye flashi ya pili. Usinakili folda nzima. Usinakili chochote chenye kiendelezi, yaani herufi za baada ya nukta mwishoni mwa jina la faili, cha exe, scr, vbs, js, bat au lnk. Flashi hii ya pili ipakwe rangi au ifungwe uzi, isitoke ofisini, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kuchomekwa kwenye kompyuta inayolindwa. Flashi inayokwenda nje nayo iwe yake peke yake, na ikirudi ifomatiwe kwenye kompyuta ya ukaguzi kabla ya kutumika tena.

Ofisi isiyo na kompyuta ya pili inaweza kutumia ile ile moja. Tengeneza flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, izime kompyuta, iwashe kupitia flashi hiyo, kagua na uchague mafaili bila kuigusa diski ya ndani, kisha zima na urudi Windows. Inachukua muda zaidi, na wavivu wataiacha siku ya tatu. Lakini kwa mtu mmoja anayejali inafanya kazi vizuri sana.

Safari ya steshenari inastahili neno la peke yake, maana huko ndiko maambukizi mengi huanzia. Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za watu wengi kila siku, na mwenye duka hana namna ya kuwakataa wateja. Peleka faili la PDF, usipeleke Word. Kama unaweza, nunua flashi yenye swichi halisi ya kuzuia kuandikwa, uifunge swichi kabla ya kutoka nyumbani. Kompyuta ya steshenari itasoma faili lakini haitaweza kuacha kitu. Kadi za SD nazo zina kijiswichi ubavuni, ila hicho ni ombi tu kwa kifaa cha kusomea, na si vyote vinavyolitii. CD inayoandikwa mara moja bado ni njia safi kwa wenye kifaa chake, kwa sababu ikishafungwa hakuna kompyuta inayoweza kuiongezea kitu.

Njia rahisi kuliko zote hizo ni simu. Unganisha simu kwa kebo, nakili PDF kwenda kwenye simu, kisha umtumie mwenye steshenari kwa WhatsApp au barua pepe. Simu za Android za leo hazijitokezi kwenye Windows kama diski yenye herufi yake, kwa hiyo virusi vinavyotafuta diski za kujinakili kwa kawaida haviioni. Jihadhari na jambo moja: simu iliyounganishwa kwa kebo inaweza kuigawia kompyuta intaneti kwa kugusa kitufe kimoja. Hakikisha kitufe hicho kimezimwa.

Mlango huu una kikomo chake. Mwaka 2014 watafiti wa usalama Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha Las Vegas kwamba chipu ya ndani ya kifaa cha USB inaweza kuandikwa upya, flashi ikajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi na kuanza kuandika amri yenyewe. Kufomati hakuigusi chipu hiyo. Shambulio hilo ni nadra, kwa hiyo tahadhari yake ni ndogo: nunua flashi kwenye duka unalolijua, na flashi ya kuokota au ya zawadi kutoka kwa usiyemjua isiingie ofisini.

Kuibana kompyuta yenyewe

Hata ukiwa na mlango, siku moja mtu atakuwa na haraka na atachomeka flashi yake moja kwa moja. Siku hiyo kompyuta iwe na pa kujitetea. Anayeitumia kila siku asiwe na akaunti ya msimamizi; awe na akaunti ya kawaida, na nywila ya msimamizi ikae kwa mtu mmoja. Kirusi kikiamshwa kwenye akaunti ya kawaida kitachafua mafaili ya mtumiaji huyo, lakini kitapata taabu kujichimbia kwenye Windows yenyewe. Kisha iamuru Windows ionyeshe viendelezi vya mafaili, maana bila hivyo faili liitwalo Ripoti.pdf.exe huonekana kama Ripoti.pdf.

Virusi vingi vya shotikati vimeandikwa kwa lugha ya VBS na hutegemea kitekelezi cha Windows kiitwacho Windows Script Host. Ofisi ya kawaida haikihitaji. Fundi anaweza kukizima kwa kufungua rejista, kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, na kuweka thamani ya DWORD iitwayo Enabled yenye 0. Ni kazi ya dakika chache, na inakatisha ukoo mzima wa virusi hivyo. Kwenye Windows ya toleo la Pro kuna pia sera ya kuzuia programu zisitekelezwe kutoka kwenye flashi huku mafaili yakisomeka kama kawaida. Sera hiyo haivizuii virusi vya VBS, kwa sababu kitekelezi chake kiko kwenye diski ya ndani. Ndiyo maana hatua hizi mbili huenda pamoja.

Saiba nyingi hutumia programu kama Deep Freeze, inayoirudisha diski ilivyokuwa kila kompyuta inapowashwa upya. Kwa maabara ya shule ni msaada mkubwa. Ila ielewe vizuri: kati ya kuwashwa na kuzimwa kirusi kinaweza kufanya kazi na kuambukiza flashi za wanafunzi wote wa kipindi hicho.

Kikishaingia

Ukikuta mafaili yote ya flashi yamegeuka shotikati, usifomati. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Ipeleke flashi kwenye kompyuta ya Linux, uyanakili kutoka huko. Kama huna, kwenye Windows iliyo safi fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yatajitokeza, kisha ufute shotikati bila kuzibofya. Kuisafisha flashi kwenye kompyuta iliyokwisha kuambukizwa ni kupoteza muda, itachafuka tena hapo hapo.

Kompyuta yenyewe ikaguliwe wakati Windows haijawaka, kwa sababu kirusi kinachofanya kazi hujitetea. Defender ina ukaguzi wa namna hiyo ndani yake, na ipo Kaspersky Rescue Disk inayowashwa kutoka kwenye flashi. Kama kilichoingia ni jamii ya Sality, iliyojipachika kwenye programu nyingi, mimi husakinisha Windows upya. Kusafisha programu moja baada ya nyingine huacha mashine inayokwamakwama, na shaka haiishi. Okoa nyaraka tu. Programu zisakinishwe kutoka kwenye chanzo safi.

Siku hiyo hiyo kusanya flashi zote, memori kadi na diski za nje za ofisi nzima, pamoja na zilizoko majumbani na kwenye mikoba. Zikaguliwe zote kabla hata moja haijarudi kazini. Ofisi inayosafisha kompyuta na kuacha flashi moja nje hukirudisha kirusi kile kile ndani ya wiki.

Yote haya yanakuwa mepesi kama kuna nakala za akiba. Tumia diski mbili za nje kwa zamu, kila moja ichomekwe wakati wa kunakili tu na kuchomolewa mara kazi inapokwisha, maana kirusi kinachofunga mafaili hufunga pia yaliyomo kwenye diski iliyochomekwa. Wiki hii diski moja, wiki ijayo nyingine, na moja ikae jengo lingine. Mara kwa mara fungua mafaili machache ya akiba kwenye kompyuta ya ukaguzi, uone kama yanasomeka: la hesabu za mwezi uliopita, la orodha ya wanafunzi, na lile ambalo kazi ingesimama usipokuwa nalo.